Sura ya Sita: Mvua ya Uongo

Kopo moja la maji lilitosha. Mzee alilijaza kutoka kwenye dumu lililofungwa nyuma ya baiskeli, akaliinamisha taratibu juu ya shina la mtundu, mahali palipokuwa na kitu kama ukoko wa ugali ulioungua. Maji yakateremka kwenye nyufa za gome. Sikuwahi kumaliza kuuliza tunangoja nini. Ule ukoko ulianza kututumka. Vijitawi vyembamba kama nyuzi vikajikunjua kimoja baada ya kingine, weusi ukaingia kahawia, kahawia ikaingia kijani, mpaka nikawa natazama kijani kibichi cha kitalu cha mpunga. Hazikutimia hata dakika mbili. Ilikuwa Ipole, mwishoni mwa Oktoba, na mvua ya mwisho ya maana ilikuwa imenyesha kabla ya Mei.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Haikufa hii. Ilikuwa imelala."

Nilimwomba amwagie na shina la pili ili nipige picha vizuri. Akanitazama, akalitazama dumu, akakaza kifuniko.

"Maji haya ni ya kunywa, mwanangu."

Nikadhani ananibania.

Ipole ni kata ya Wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, pale ambapo barabara inayotoka mjini hugawanyika: mkono mmoja ukashika njia ya Mpanda, mwingine ukateremka Rungwa kuelekea Mbeya. Kushoto na kulia ni miombo, na ukitoka kwenye miombo unaingia miombo mingine. Watu wake hulima mahindi na tumbaku, hurina asali, na sehemu kubwa ya msitu ni eneo la hifadhi ya wanyamapori linalosimamiwa na vijiji vyenyewe. Mtu akikuambia unakwenda kutafuta mimea inayopenda unyevu, hapa ndipo mahali pa mwisho angekupeleka. Mimi mwenyewe kwa miaka nilidhani mimea hii ni ya watu wa milimani, wa Usambara na Uluguru na Rwenzori, kama vile sweta.

Kwanza tukubaliane jina. Kiswahili hakijaupa mmea huu heshima kubwa. Watu husema ukoga, neno lilelile la uchafu wa meno, au husema tu "utelezi", wakimaanisha kile kitakachokubwaga kisimani ukiwa na ndoo kichwani. Wengine huuita kuvumwani, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu kuvumwani ni kiumbe kingine: ni kuvu na mwani walioungana kuishi pamoja, na ndio wanaobandika mabaka ya kijivu na ya rangi ya chungwa kwenye mawe na magome. Ninaowazungumzia mimi ni vigoga, mimea kamili yenye shina na majani, ila majani yake ni membamba kiasi kwamba mengi yana unene wa seli moja tu. Ukiwa na mashaka, tumia lenzi ya kukuzia. Ukiona vijani, ni kigoga. Katika miombo ya Ipole mabaka mengi utakayoyaona kutoka mbali ni kuvumwani. Kigoga kinataka upige goti.

Kuna aina zipatazo 12,000 za vigoga duniani, na ukoo wao ni wa kale mno. Mimea ya kwanza ilihama majini kuja nchi kavu miaka ipatayo milioni 470 iliyopita, na vigoga wameendelea kuishi kama watu waliohama mapema wakakataa kununua fanicha. Hawana mizizi. Vile vinyuzi unavyoviona chini vinashikilia tu, havinyonyi maji kutoka kina kirefu. Hawana mirija ya kupandisha maji kama aliyonayo mninga. Hawana ngozi nene ya nta ya kuzuia maji yasitoke. Hawana ua, wala mbegu. Huzaa kwa spora, vumbi jepesi linalobebwa na upepo, na kabla ya kuzaa spora mbegu ya kiume lazima iogelee kwenye maji hadi kwenye yai. Inaogelea kweli, kwa mikia yake miwili, katika utando wa maji mwembamba kuliko karatasi. Pasipo tone la mvua hakuna ndoa.

Sasa mtu aliye na upungufu wote huo anafanya nini Tabora, ambako jua hukaa miezi sita bila kuficha uso?

Mninga na mtundu wana jibu lao: mizizi huzama, majani hudondoshwa, mti hukaa uchi mpaka hali itengemae. Yaani hupambana kutunza maji yaliyomo ndani. Kigoga hakipambani hata kidogo. Hewa ikikauka, nacho kinakauka, kwa saa chache tu, mpaka maji yaliyobaki mwilini mwake ni machache kama yaliyomo kwenye punje kavu ya mtama. Mmea wa kawaida ukifikia hapo seli zake hupasuka na kunata, na hakuna mvua itakayouokoa. Kigoga kimejaza seli zake sukari, na sukari hiyo maji yakiondoka huganda kama kioo na kushikilia kila kitu mahali pake: utando usigandamane, protini zisikunjamane. Kila kazi inasimama. Hakipumui kwa kipimo chochote cha maana, hakili, hakikui. Kigoga kimoja kilichohifadhiwa kikiwa kikavu kwenye kabati la mimea kiliwahi kulowekwa baada ya miaka 19 na kikaamka. Na mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba vigoga waliochimbuliwa kwenye barafu ya kisiwa cha Signy, jirani na Antaktika, walichipua tena baada ya kugandishwa kwa zaidi ya miaka 1,500. Hao walilala kwa baridi, si kwa kiu, lakini ustadi unafanana. Ipole hatudai mengi hivyo. Tunadai miezi sita.

Ukishajua hili, macho yako yanabadilika unapotembea. Nilitumia siku tatu nikitafuta weusi ambao hapo awali nisingeutazama mara mbili.

Waliopo hawapo ovyo. Wako kwenye shina la mti pale ambapo matawi mawili makubwa yanagawanyika na maji ya mvua hukusanyika kuteremka, kama kwenye mfereji. Wako upande wa kichuguu usiopigwa na jua la mchana. Wako kwenye matofali ya chini ya nyumba, pale matone ya paa yanaporusha matope. Kwenye mbuga, yale mabonde ya udongo mweusi yanayojaa maji wakati wa masika, kuna binamu zao walio bapa kama vipande vya utepe vilivyogawanyika ncha. Kiangazi hujikunja wakawa kama uzi mweusi uliodondoka kwa fundi cherehani, na mvua ikija hujitandaza. Na wapo kwa wingi kuliko kote kwenye miembe ya zamani. Hilo lilinishangaza mpaka nilipolifikiria. Mtundu hupukutisha majani katikati ya kiangazi, na jua hupiga shina lake moja kwa moja. Mwembe haupukutishi. Kivuli chake ni kizito mwaka mzima na gome lake limejaa nyufa. Miembe ya Tabora na ya Ujiji ililetwa na misafara ya biashara kutoka pwani, na watu husema mingine iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa njiani. Kwa hiyo njia ya pembe na ya watu waliouzwa, bila mtu yeyote kukusudia, iliwaachia vigoga kivuli.

Ajabu ni kwamba katika maelezo mengi ya safari za njia ile, kigoga hakionekani. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857. Speke alirudi huko pamoja na Grant miaka michache baadaye, na Grant akakusanya mimea kwa mamia. Stanley, Septemba 1871, alipokuta mtemi Mirambo ameifunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji, alizunguka kwa kusini kupitia Ugunda, katika misitu hii hii. Aliandika habari za wanyama wa kuwinda, za homa, za wapagazi waliogoma. Sidhani kama ni uzembe. Kalenda ndiyo iliyowaficha. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walishuka pwani kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, na walitaka kurudi kabla ya kupanda. Mpagazi aliondoka kigoga kimelala, na alipokiona kimeamka alikuwa ameshashika jembe.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa misimu yote. Mjerumani Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama, alifika Ugunda mwaka 1880 pamoja na wenzake kuanzisha kituo cha utafiti Kakoma. Alifia Katanga mwaka 1884, akiwa bado hajatimiza miaka 30. Jina lake limebaki kwenye ndege, kerem mmoja mwenye utosi wa rangi ya kutu, na limebaki kwenye mti ambao huwezi kuuepuka Ipole: myombo, *Brachystegia boehmii* kwa wanasayansi. Mti uliolipa pori lote jina lake kwa Kinyamwezi, ukapewa jina la mgeni aliyepita kwa Kilatini. Wazee wa Ipole hawajambo, wanaendelea kuuita myombo.

Mzee wangu anaujua mti huo kwa gome. Mzinga wa jadi wa Tabora hutengenezwa kwa kulibambua gome la myombo au mtundu likatoka zima kama bomba, likafungwa kwa vijiti na kuzibwa ncha zote mbili. Ni mzinga mzuri, mwepesi, nyuki huupenda. Lakini mti uliovuliwa gome kuzunguka shina hufa umesimama. Yeye siku hizi ana mizinga ya magogo na michache ya masanduku, na aliponionyesha mtundu mmoja uliokauka, mweupe kama mfupa, alisema tu, "Huu nilivua mimi, nikiwa kijana." Nilitafuta vigoga juu yake. Mbao tupu haishiki maji ya mvua kama gome. Hapakuwa na hata mmoja.

Alikuwa na habari nyingine ambayo sikuitegemea kwa mtu ambaye hakuwa hata na jina la mmea. Kiangazi, maji yakiwa haba, nyuki wake hawanywi katikati ya dimbwi. Wanakwenda pembeni, kwenye jiwe lenye utelezi wa kijani ambapo chemchemi inavuja kidogo. Wanatua pale wakafyonza bila kuzama. Wafugaji nyuki wa nchi nyingine hununua vigoga dukani wakawaweka kwenye sahani ya maji kwa sababu hiyo hiyo. "Nikitaka kujua kama maji yatafika Novemba," alisema, "naangalia lile jiwe."

Kuhusu dira. Vijana wengi wa skauti walifundishwa, kutoka vitabu vya Ulaya, kwamba ukipotea msituni tazama kigoga, kitakuonyesha kaskazini. Huko ni kweli kiasi, kwani jua lao hupita kusini mwaka mzima na upande wa kaskazini wa mti haukauki upesi. Ipole ipo karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Juni liko kaskazini yako, Desemba liko kusini yako. Ukifuata kigoga hapa utazunguka kichuguu mpaka usiku uingie. Kama kuna kanuni, basi ni ya kinyume: kwa kuwa miezi mikavu ndiyo ile ya jua la kaskazini, upande wa kusini ndio wenye nafuu. Nilihesabu mashina 40. Kusini kulishinda, lakini kwa ushindi wa kura chache ambao ungepelekwa mahakamani.

Lakini kigoga kina kazi gani hasa? Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu kazi yake Ipole si ile inayosifiwa vitabuni.

Inayosifiwa ni ya milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mhungaria Tamás Pócs, aliyekuwa akifundisha Morogoro, alipanda Uluguru kupima jambo ambalo kila mtu alilijua kwa macho na hakuna aliyelijua kwa mizani. Katika msitu mfupi wa ukungu, kwenye mita 2,120 hivi, alikusanya vigoga na mimea mingine inayoota juu ya matawi, pamoja na udongo iliojitengenezea huko juu, akavikausha na kuvipima: tani 14 hivi kwa hekta. Mvua moja ikinyesha, zulia hilo la hewani liliweza kushika lita zipatazo 50,000 kwa hekta. Ni madumu 2,500 ya lita 20, yaliyotundikwa juu ya miti, yakidondoka polepole siku zinazofuata. Mto Ruvu huanzia katika milima hiyo, na Dar es Salaam hunywa Ruvu. Anayefungua bomba Kinondoni anadaiwa na kigoga na hana habari.

Mpakani mwa Kongo na Uganda, kwenye Rwenzori, kuna mabonde ambako mguu huzama kwenye vigoga mpaka goti. Kati ya vigoga hao wamo wale wa kinamasi, wanaoweza kushika maji mara 20 ya uzito wao mkavu. Sifa hiyo iliwahi kuwaingiza vitani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vile vilivyowaleta Wabelgiji Tabora Septemba 1916, pamba ilipoadimika Waingereza walikusanya vigoga hao kwenye vinamasi vya Uskoti wakawashonea vifuko kuwa bandeji, kwa mamilioni.

Ipole haina hayo. Ukikusanya vigoga wote wa ekari moja ya miombo ukawaloweka, sijui kama utajaza ndoo. Kazi yao hapa ni ya aina nyingine, na ipo chini, kwenye sentimita moja ya juu ya ardhi. Mvua ya kwanza ya Tabora huanguka kwa hasira juu ya udongo uliokuwa vumbi kwa nusu mwaka. Tone likipiga udongo mtupu hulipua chembe zake, na chembe hizo huziba matundu. Maji yanayofuata hayazami, yanakimbia na kuchukua kila kitu. Pale penye utando wa vigoga, hata wenye urefu wa milimita tatu, tone hupasukia juu ya vijani. Vile vinyuzi vyao vimeshona chembe za mchanga kama kushona mkeka. Majani makavu hunasa hapo, mbegu ndogo nayo hunasa. Mwaka 2023 watafiti waliochukua vipimo katika mabara yote walikadiria kwamba vigoga wa ardhini hufunika kilomita za mraba milioni 9.4 za dunia, na kwamba udongo ulio chini yao una kaboni tani bilioni 6.43 zaidi ya udongo mtupu wa ukubwa uleule. Tanzania nzima, na maziwa yake, ni chini kidogo ya milioni moja. Hebu fikiria Tanzania kumi za kitu unachokikwangua kwa chepeo ili watoto wasiteleze.

Na kuna wapangaji. Chota kipande cha kigoga kikavu ukubwa wa kidole gumba, kiloweke usiku kucha, kisha weka tone moja chini ya darubini. Utaona kiumbe kinene chenye miguu minane na kucha, kinajikokota kama mlevi anayetafuta ufunguo. Hakifiki milimita moja. Wanasayansi humfananisha na dubu. Naye alikuwa amekauka pamoja na nyumba yake, amejikunja kama pipa, na ameamka nayo. Nyumba ikilala, mji wote unalala.

Moto ndio adui anayeonekana. Kuanzia Julai mapori ya Sikonge huwaka, mengine kwa kupangwa, mengine kwa kiberiti cha mtu aliyekuwa akirina. Kigoga kikavu hustahimili joto la jua kali; ulimi wa moto hakiuwezi. Ndiyo maana wengi wako kwenye vichuguu na mawe, mahali nyasi hazifiki. Lakini hata hapo kuna wajanja. Nenda kwenye tanuri la mkaa lililoachwa, msimu mmoja baadaye. Juu ya jivu ambalo hakuna jani lingelitaka utakuta zulia la kijani lenye vibuyu vidogo vya rangi ya chungwa vilivyoinama kwenye vijiti. Aina hiyo hupatikana karibu duniani kote na hufuata moto kama muuza maji anavyofuata mkutano wa hadhara. Inakaa mwaka mmoja au miwili, inashika jivu lisipeperuke, nyasi zikija inaondoka.

Nilibaki na swali la kopo, kama maji yale yaliusaidia mmea au yaliuumiza, ambalo nililijibu nikiwa nimesharudi nyumbani na vitabu vyangu.

Kigoga kikiloweshwa hakianzi kula papo hapo. Kinaanza kukarabati. Utando uliochanika unazibwa, protini mpya zinatengenezwa, na gharama yote hiyo hulipwa kwa sukari iliyowekwa akiba. Baada ya muda, dakika kadhaa kwa wengine na saa kadhaa kwa wengine, ndipo majani yanaporudi kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua kiasi cha kufidia matumizi. Mvua ikiwa ndefu, kigoga hulipa deni na kuweka faida. Ikiwa fupi, hukauka tena kabla hakijalipa. Mara moja si neno. Ikirudiwa mara nyingi, akiba inakwisha, kikalala usingizi ambao hakina cha kuamkia.

Hilo lilipimwa katika jangwa la Utah, Marekani. Watafiti waliongeza manyunyu madogo ya kiangazi, milimita 1.2 tu kila mara, juu ya ardhi iliyofunikwa na vigoga wa jangwani. Waliongeza maji, hawakupunguza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012: vigoga waliokuwa wamefunika karibu robo ya ardhi walishuka chini ya asilimia mbili katika msimu mmoja. Waliuawa na maji.

Mkulima wa Ipole hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Kila anayepanda mahindi Tabora ameshawahi kudanganywa: wingu la Oktoba linatanda, mvua inapiga jioni moja, udongo unanukia, watu wanatoa mbegu dukani kwa mkopo na kufukia. Kisha jua wiki mbili. Mbegu imeshafungua kinywa. Unanunua mbegu tena, na deni la kwanza halijaenda popote. Mahindi hudanganyika na vigoga hudanganyika, tofauti ni kwamba kigoga kinaweza kudanganywa mara kadhaa kabla ya kufilisika.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimepita tena kwenye ule mtundu. Ilikuwa saa nne na jua limeshakaza. Kijani chote kilikuwa kimerudi kuwa ukoko mweusi, na kingo za mahali maji yalipopita zilikuwa zimebaki na mstari mweupe wa chumvi. Nilipitisha kidole. Kwa sababu ya picha yangu, mmea ule ulikuwa umefungua duka, umelipa vibarua, na umefunga bila mteja.

Basi la Tabora lilipoondoka njia panda, matone manne au matano makubwa yalipiga kioo cha mbele. Abiria wakashangilia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema "Asante Mungu" kwa sauti. Dereva akawasha waipa, zikakokota vumbi likawa tope, likachora upinde mwekundu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tulipofika Sikonge kioo kilikuwa kimekauka.